Waliovuka Ruvuma

Mtihani wa mahubiri niliufanyia kwa muuza mandazi.

Kijiji chenyewe kiko Msumbiji, mkoa wa Niassa, kwenye barabara inayotoka Daraja la Mkenda kuelekea Lichinga. Darasa letu lilikuwa chini ya mwembe: magogo manne ya kukalia, ubao mweusi tulioegemeza kwenye shina, wanafunzi saba. Hatua chache pembeni, bibi mmoja wa rika la mama yangu alikuwa akikaanga mandazi kila alfajiri. Ni Mwislamu, kama walivyo Wayao wengi wa pande zile, na ndiye aliyetuazima ndoo ya maji siku tuliyofika. Nilimwendea nikamwambia, "Bibi, jioni nitakuletea wanafunzi wangu mmoja mmoja. Kila mtu atakusimulia habari moja. Kesho nikija kununua mandazi, unieleze ulichokumbuka. Usichokikumbuka, usikitafute." Akacheka, akaniuliza kama naye atapewa cheti. Kisha akakubali.

Kesho yake, kati ya habari saba, alikumbuka mbili. Kijana mmoja aliyewahi kuhudhuria semina nyingi mjini alikuwa amemsomea kurasa tano toka kwenye daftari. Bibi alisema, "Yule ana sauti nzuri," akageuza mandazi. Akafikia habari ya mkulima mmoja, baba wa watoto sita, asomaye kwa kufuata mstari kwa kidole. Hapo bibi aliweka mwiko chini. Akanisimulia mwanzo mpaka mwisho: jinsi mtu huyo alivyoweka baiskeli yake rehani kwa mwenye duka apate nauli ya kumpeleka mkewe hospitali, jinsi alivyopita mbele ya lile duka miezi minne akiiona baiskeli yake imefungwa mnyororo, tairi zinaisha upepo, na jinsi kaka yake alivyorudi toka machimboni, akaingia dukani bila kumwambia mtu, akalipa deni lote, akatoka anaikokota. "Akasema hivyo ndivyo Wakristo mnavyosema mlikombolewa," bibi alinieleza. "Mimi dini yangu naijua. Lakini baiskeli ile nimeiona."

Nilifundisha shule ya msingi miaka 31 huku Tunduru kabla ya kustaafu, na tangu hapo nafundisha wahubiri walei, wa kwetu na wa ng'ambo ya Ruvuma. Baba yangu alikuwa mwalimu wa misheni. Enzi hizo neno hilo lilibeba kazi mbili: Jumatatu hadi Ijumaa anafundisha watoto kusoma na kuandika, Jumapili anaongoza sala, kwa sababu padre anaweza kufika mara moja kwa miezi mitatu. Kwa hiyo naandika kama mtu wa ndani, mtu aliyelala utotoni akisikia baba anafanyia mazoezi mahubiri gizani.

Ukitaja umisionari, watu wengi huona Mzungu mwenye kanzu nyeupe, kofia ya jua na kitanda cha safari. Alikuwepo, na sina haja ya kumfuta. Lakini ramani ya makanisa ya kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Msumbiji na mwambao wa Ziwa Nyasa imechorwa zaidi na miguu ya watu wengine, na wengi wao walianza safari hiyo wakiwa watoto ndani ya jahazi la watumwa.

Kisa chenyewe kinaanza vibaya. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge akawasihi vijana wa vyuo vikuu waje Afrika. Ikaundwa misheni ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake nne, UMCA, Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie na wenzake walifika Magomero, nchi ambayo leo ni Malawi. Mwaka uliofuata Mackenzie alikuwa kaburini kwa homa, na wenzake kadhaa walimfuata. Mrithi wake, William Tozer, aliitazama hali ile akaamua kuondoka bara kabisa. Mwaka 1864 alihamia Unguja pamoja na Edward Steere. Kwao Uingereza wengi walimlaumu: ametumwa Afrika ya Kati, anakaa kisiwani pwani!

Mimi namtetea Tozer. Hoja yake ilikuwa kwamba Mzungu hataweza kulijaza bara hili makanisa. Watakaoweza ni wenyeji wake, na Unguja ndiko walikokusanyika wenyeji wa kila kabila, ingawa kwa sababu ya kusikitisha mno. Sultani Majid alimkabidhi wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Watano tu. Hicho ndicho kilichokuwa chuo.

Kikakua kikawa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, nje kidogo ya mji, nacho kikapata wenzake: shule ya wasichana na makazi ya walioachwa huru kule Mbweni, na kanisa kuu la Mkunazini lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Watalii hupelekwa Mkunazini, na ni haki yake. Mimi nilipofika Unguja kwa mara ya kwanza niliomba kupelekwa Mbweni kwanza. Magofu ya shule ya wasichana bado yapo, kuta za mawe ya matumbawe zimeota mizizi, na kutoka pale unaona bahari ile ile waliyoletwa kwayo. Nilikaa nusu saa. Niliwaza juu ya mtoto wa miaka minane ambaye hakumbuki tena jina la kijiji chake, anafundishwa herufi katika lugha ambayo nayo si ya mama yake.

Maana Kiswahili kilikuwa cha kigeni kwao. Kiungani walikuwepo Wayao, Wamakua, Wanyasa, na wengine toka mbali zaidi, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Steere alikuwa mtu wa chapa. Alileta mashine ya kuchapia, akawafundisha wavulana kupanga herufi za risasi, na sehemu kubwa ya vitabu vya mwanzo vya Kiswahili kwa herufi za Kirumi ilipita mikononi mwao. Kuanzia mwaka 1888 palichapwa Kiungani gazeti lililoitwa Msimulizi, likibeba habari toka vituo vya misheni bara. Mwaka mmoja kabla yake, A. C. Madan alikuwa ametoa kitabu cha masimulizi ya wavulana wenyewe: walivyotekwa, walivyouzwa, nani aliwabeba, nani aliwapiga. Msomaji anayetumia Kiswahili sanifu leo, awe Mkristo au asiwe, ana sehemu ya deni lake pale Kiungani.

Ndipo naelewa neno lile ambalo bibi wa mandazi alilishika. Kukomboa. Kanisani tunalitamka haraka, limezoeleka kama amina. Lakini kwa Kiswahili cha kila siku unakomboa kitu kilichowekwa rehani, unakomboa mateka. Wavulana wa Kiungani walipolisikia hawakuhitaji mfano. Walishawahi kuwa na bei.

Mwaka 1876 Steere aliondoka Lindi kwa miguu na kundi la watu wazima walioachwa huru, wengi wao wenyeji wa huko bara, wakitaka kurudi karibu na kwao. Nia ilikuwa kufika nchi ya Wayao karibu na Ziwa Nyasa. Hawakufika. Walipoona miamba ya Masasi, ardhi yenye rutuba na maji, walisema panatosha. Pakawa kijiji, kanisa, shule. Mwaka 1882 Wangoni, ambao kwetu waliitwa Magwangwara, walikivamia kijiji, wakachoma nyumba na kuwateka watu waliokuwa wamekwisha kutoka utumwani mara moja. Lilibaki kundi lililotawanyika, na mapadre wageni wachache waliojikuta wakiamua kesi na kutoa adhabu kama machifu, jambo ambalo lilizaa machungu yake.

Kazi iliyodumu ilifanywa na walioweza kukaa. Mmoja wa wale watano wa kwanza, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, akatumika upande huu wa kusini. Akabaki shemasi.

Lakini nimfikie Cecil Majaliwa, ambaye ningependa kila mwanafunzi wangu amjue kama anavyomjua Paulo. Alikuwa Myao aliyeuzwa utotoni. Alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury kuendelea na masomo, akarudi, akaoa Lucy wa Mbweni. Mwaka 1886 alipewa ushemasi akapelekwa Chitangali, katika nchi ya Wayao ya kusini, na mwaka 1890 Askofu Smythies akamweka wakfu kuwa padre, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kufika daraja hilo. Alikaa Chitangali mpaka mwaka 1897.

Hebu tulia hapo. Mtu aliyeondolewa kwa nguvu katika watu wake anarudi na kanzu ya padre, na anaweza kuketi barazani kwa mkuu wa mji akazungumza Kiyao bila mkalimani. Mmisionari wa Ulaya alihitaji miaka kabla ya kusema jambo la maana kwa lugha hiyo, na mara nyingi homa ilimwahi. Majaliwa alihubiri tangu siku ya kwanza. Alijua salamu hujibiwaje, msiba hukaliwaje, mjomba ana nguvu gani juu ya watoto wa dada yake. Kanisa la Chitangali likakua. Na tusimsahau Lucy. Wasichana wa Mbweni walisomeshwa kuwa walimu, na mwanamke wa namna hiyo alipofika kijijini alikuwa na darasa lake chini ya mti, wanawake waliomjia kwa mambo ambayo padre hasikii, na moto wa kupika. Vitabu vina mengi ya mume kuliko mke. Mimi niliyelelewa na mke wa mwalimu najua nani alikuwa akiliweka kanisa mahali pake baba akiwa safarini.

Majaliwa alirudi Unguja, na sababu moja ilikuwa masomo ya watoto wake. Wapo waliomwona kuwa wa kiwango cha uaskofu. Toka alipopata upadre mwaka 1890 hadi Yohana Omari alipowekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana katika nchi yetu mwaka 1955, ni miaka 65. Jambo hili linaniuma na nalisema wazi darasani. Kumfundisha mtu kazi kisha kumnyima nafasi ya kuifanya ni kumweka rehani upya.

Na kazi waliiweza. Vita vya 1914 vilipokuja, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza, na baadhi ya walimu wa Kiafrika nao walitiwa minyororo kwa kushukiwa upelelezi. Makanisa hayakufungwa. Mapadre na walimu Waafrika waliobaki walibatiza, walizika, walisalisha.

Wengine walikuwa wamekwisha kuvuka mipaka. Yohana Abdallah, mwana wa Kiungani, alitumika miaka mingi Unangu, ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ya Wareno. Ndiye aliyeandika kwa Kiyao historia ya Wayao, Chiikala cha Wayao, iliyochapwa mwaka 1919. Leonard Kamungu, mzaliwa wa Chia, mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, alipewa upadre mwaka 1909, na mwaka 1911 akaenda kuanzisha kazi Msoro, nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa mgeni kule, wa lugha nyingine na ukoo usiojulikana. Alijenga, akafundisha, akabatiza. Mwezi Februari 1913 alifariki ghafla, na wengi waliamini alilishwa sumu. Kanisa la Msoro lipo hadi leo.

Nilipopita Unangu mara ya kwanza, nimekaa nyuma ya pikipiki na vumbi mdomoni, nilimwomba dereva asimame. Hakuniuliza sababu. Nilishuka, nikatazama mlima wa pale, nikapanda tena.

Sasa niseme tunachofundisha, maana watu hudhani mhubiri ni mtu wa kipaji tu. Mafunzo yetu ni majuma mawili, mara tatu kwa mwaka, baada ya mavuno na katikati ya misimu. Kila mtu anakuja na unga wake na maharage yake. Asubuhi ni sala na Biblia. Mchana tunafanya yale ambayo hakuna anayeyaimba: kuandika daftari la ubatizo kwa kalamu isiyofutika, jina la mtoto, la wazazi, la msimamizi; kuhesabu sadaka mbele ya watu wawili na wote watatu kutia sahihi; kumtembelea mgonjwa na kuondoka kabla hajachoka; kuzika. Kuzika huchukua siku mbili nzima, kwa sababu huko ndiko kijiji kizima, Mwislamu na Mkristo, humpima mhubiri wetu.

Jioni ni mahubiri. Sheria zangu ni chache na wanazilalamikia. Kila mahubiri, jambo moja. Dakika kumi na mbili. Usiseme "kama tunavyojua sote", kwa kuwa yupo mmoja nyuma asiyejua, naye ndiye aliyekuja kwa ajili yako. Na la mwisho ni swali: ukiota ndoto, unaota kwa lugha gani? Hiyo ndiyo lugha utakayoandalia mahubiri. Kijana wa semina aliandaa kwa Kireno, kwa vile ndiyo lugha ya shule, kisha akayageuza. Tulipolifikia neno "kukombolewa" nilimwambia afunge daftari anieleze kwa Kiyao alivyoelewa. Akanyamaza. Wenzake wakaanza kubishana. Mmoja akasema ni kuachiliwa na polisi. Mwingine akasema hapana, polisi anaweza kukuachilia bure, hapa lazima awepo aliyelipa. Mabishano yalipita saa ya chakula. Ndipo yule mkulima, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akasema taratibu, "Mimi nina baiskeli." Nikamwambia asiimalize. Aiweke hadi jioni, akampelekee bibi.

Kwa nini nahangaika hivi? Kwa sababu nimeona njia nyingine ikishindwa. Miaka ya nyuma, upande wetu wa mto, wafadhili fulani walitujengea kanisa katika kijiji kimoja. Walikuwa watu wema, wenye haraka. Matofali ya simenti, bati za rangi, kibao chenye tarehe. Nami nilikuwa kwenye kamati, nikapiga makofi siku ya uzinduzi. Mhubiri aliyewekwa pale alikuwa na semina ya siku tatu na cheti. Hakuijua lugha ya akina mama wa kijiji kile, na hakuna aliyekwenda kukaa naye baadaye. Mwaka wa pili watu walibaki wanne. Mwaka wa tatu nilikuta mlango umefungwa kwa kamba na mchwa wamepanda ukutani hadi kwenye kenchi. Nilisimama pale nikajua kwamba mimi mwalimu, niliyefundisha miaka 31, nilikuwa nimekubali jengo litangulie mtu. Tangu siku hiyo sichangii tofali mahali pasipo na mtu aliyefundishwa na aliye tayari kukaa.

Gharama si kubwa. Nauli za pikipiki, madaftari, chaki, Biblia za Kiyao, muda wa mwalimu. Kinachoshinda wengi ni muda. Mtu huiva polepole, na hapigwi picha akiiva.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa yule mkulima bila kumpa taarifa, Jumapili. Wanasali chini ya mkorosho. Nilihesabu watu kumi na tisa, watoto wakiwa saba. Ile baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye mti, na daftari la ubatizo limefungwa kwa mpira kwenye karia, ndani ya mfuko wa plastiki. Mwanamke mmoja alinipisha gogoni. Desturi yetu inajulikana: akitokea mgeni, hasa mwalimu, shughuli zote zinasimama, anaitwa mbele, anapewa neno, na neno lake linakula nusu ya ibada. Nilikuwa nimekwisha kuandaa la kusema, na nimeshika miwani mkononi.

Aliponiona alitabasamu, akawageukia watu wake. "Mwalimu wangu amekuja," aliwaambia kwa Kiyao. "Leo atakaa na sisi." Akafungua Biblia, akaweka kidole kwenye mstari, akaanza kusoma.